Unataka injini kubwa kwenye Mustang? Anza na dalili

Mteja anaingia garagi hapa Lubumbashi, anazima gari, anafungua boneti kabla hata ya kusalimia vizuri. "Mukubwa, motokari haina nguvu. Tutie moteri kubwa." Ukimchimba kidogo unakuta bei ya injini ameshaiulizia Dubai, rangi ya kifuniko cha valvu ameshaichagua, ila hakuna aliyepima kompresheni ya injini iliyomo.

Gari la Kimarekani la V8 lina faida moja kwetu: usukani uko kushoto na sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo hakuna kazi ya kuhamisha usukani kama kwenye magari mengi yanayopandia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutoka kusini. Baada ya hapo, matatizo ni yaleyale ya popote: injini kubwa huingia, halafu kila kitu kilichoizunguka kinaanza kudai chake. Nafuata dalili zinavyokuja, kuanzia kabla ya kununua.

Gari halipandi, na injini ya zamani bado imo

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 12 ya nguvu zake bila ugonjwa wowote. Mustang V6 ya lita 4.0, ya 2005 hadi 2010, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210. Hapa kwetu hesabu 185. V8 ya lita 4.6 ya 2005 iliandikwa 300, na hapa itakupa 260 na kidogo. Ukinunua injini mpya kwa namba za kwenye karatasi, upungufu uleule unahamia nayo.

Mwinuko huu pia unawadanganya mafundi. Geji ya kompresheni husoma chini kuliko pwani, kwa uwiano uleule wa hewa. Silinda ambayo ingeonyesha psi 160 kando ya bahari itaonyesha kama 140 hapa, na ni nzima kabisa. Nimeona injini zikihukumiwa kifo kwa namba ya kitabu. Linganisha silinda na silinda: ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Zikiwa zote zinakaribiana, acha injini ipumzike, tafuta kwingine. Geji ya vakyumu nayo hushuka karibu inchi moja kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo ile 17 hadi 21 ya pwani, injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa), hapa ni 13 hadi 17.

Moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, gari linakohoa ukikanyaga: kama ni kabureta, inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Kanuni ya Holley, watengenezaji wa kabureta, ni kushuka saizi moja ya jeti kwa kila futi 2,000, yaani mita 600 hivi. Kwa Lubumbashi ni saizi mbili. Kazi ya asubuhi moja, na baadhi ya wateja wa "injini kubwa" huishia hapo, wakiwa wamenuna kidogo.

Vakyumu ikianza vizuri kisha ikazidi kushuka ukishikilia mizunguko 2,500, ekzosi imeziba, mara nyingi katalisti. Gari la namna hii hata ukilitia injini ya lori halitakimbia.

V6 inapiga kelele ya mnyororo

Hii ndiyo njia halisi ambayo watu wengi wenye Mustang ya 4.0 huingilia kwenye habari ya kubadilisha. Injini hiyo ina mnyororo mmoja wa taimingi kwa mbele na mwingine nyuma, upande wa giaboksi. Viongozo vya plastiki vya mnyororo vikichakaa unasikia mchakacho wa chuma asubuhi ikiwa baridi, na ule wa nyuma hauguswi vizuri bila kutoa injini. Mwenye gari anasikia neno "kutoa", na hapohapo anasema: kama inatoka, basi irudi V8.

Namwelewa. Lakini tuorodheshe kinachofuata hiyo V8: giaboksi, waya zote za injini, kompyuta, propela, difu, breki za mbele, rejeta, ekzosi. V6 ilizaliwa na difu ya inchi 7.5, na GT, yaani Mustang ya V8, ilipewa ya inchi 8.8, kwa sababu msokoto unatoka Nm 325 kwenda 434. Kwa maoni yangu, kwa gari la miaka hii, uza V6 ikiwa inatembea na ununue GT iliyokamilika. Kubadilisha kuna maana pale tu unapopata GT nzima iliyogongwa nyuma au kuungua sehemu ya ndani, ukaichukua yote, hadi skrubu. Injini tupu iliyofungwa kwenye paleti ni mwanzo wa manunuzi.

Na usikimbilie ujazo peke yake. V6 ya Mustang ya 2011, lita 3.7 tu, ilitoka na nguvu farasi 305, zaidi ya V8 ya 4.6 ya 2005. Ukiamua 4.6 ya valvu tatu, za miaka ya kwanza zina plagi za vipande viwili ambazo hukatikia ndani ya kichwa cha silinda. Muuzaji akikubali, jaribu kufungua moja mbele yake. Akikataa, jibu umelipata.

Umeuziwa injini gani hasa?

Kwa magari ya zamani ya kabureta hili ni swali zito, maana kwa nje injini hufanana. Ford 302 na 351 Windsor ni ndugu, na Chevrolet 305 na 350 ni pacha (namba hizi ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo).

Kuna kipimo cha kijiti. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ingiza kijiti chembamba cha mbao kirefu kisichoweza kudumbukia, zungusha krenki kwa mkono na spana, taratibu, ukiweka alama pistoni ikiwa chini kabisa na juu kabisa. Tundu la plagi limekaa mshazari, kwa hiyo usitegemee milimita kamili. Hata hivyo Ford 302 husafiri milimita 76 na 351 Windsor husafiri 89, na tofauti hiyo hata macho mabovu yanaiona.

Kwenye Chevrolet kijiti hakitakusaidia. 305 na 350 zina safari moja, milimita 88.4. Tofauti iko kwenye upana wa silinda: 94.9 kwa 305, 101.6 kwa 350. Soma namba iliyofinyangwa kwenye bloku, nyuma, pale inapokutana na giaboksi, upande wa dereva kwa gari la usukani kushoto. Futa grisi kwa brashi ya waya, piga picha, linganisha kabla pesa hazijatoka. Wanaouza 305 kwa bei ya 350 hawajaisha duniani.

Injini imefika, haikai

351 Windsor ni chaguo linalojitokeza lenyewe kwa mwenye Mustang ya zamani ya 302, kwa sababu vichwa vya silinda vinafanana na mipira ya kushikilia injini inakaribiana. Lakini bloku yake ni ndefu kwenda juu kwa kama milimita 33. V inavyorefuka inapanuka pia, kwa hiyo manifoldi ya hewa ya 302 haifiki, mabomba ya ekzosi yanagusa minara ya springi, na boneti inakaa juu ya chujio la hewa. Sampu na distribyuta ni tofauti pia. Kata kadibodi kwa vipimo vya injini uiweke ndani ya nafasi kabla ya kulipa. Ukiona kidole hakipiti kati ya kadibodi na boksi la usukani, plagi ya nyuma hutaifungua kamwe bila kuinua injini.

Kutoka Chevrolet 350 kwenda 454 ni habari nyingine: unaongeza kama kilo 50 juu ya ekseli ya mbele. Dalili zake hujulikana barabara ya kwanza yenye mashimo, na kwetu hiyo ni barabara ya kutoka getini. Pua inashuka, springi zinagonga, gari linachelewa kukata kona. Pontiac wana ukarimu hapa: 400 na 455 zina umbo moja kwa nje, zinaingia mahali palepale. Kama una Pontiac, usitafute mengine.

Gari zima linatetemeka

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu kosa hili ndilo linaloua injini nzuri kimyakimya, na watu hubadilisha mipira ya injini mara mbili mbili bila kugusa chanzo.

Kwanza litenganishe tetemeko. Gari limesimama, gia huru, pandisha mizunguko polepole hadi 3,000. Likitetemeka zaidi kadiri unavyopandisha, tatizo linazunguka na krenki. Likitetemeka sailensa tu kisha likatulia, tazama mipira ya kushikilia injini au silinda isiyowaka. Limetulia kabisa likiwa limesimama, ila linatetemeka barabarani kwenye kilomita 80 na zaidi, nenda kwenye propela.

Sasa lile linalozunguka na krenki. Baadhi ya injini hizi zimesawazishwa kwa uzito ulioko nje: kwenye pulei kubwa ya mbele na kwenye flaiwili ya nyuma. Ford 302 ya zamani hutumia uzito wa aunsi-inchi 28, na zile za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hutumia 50. Ukichukua 5.0 ya baadaye (ni 302 hiyohiyo kwa jina la lita) ukaifunga flaiwili ya injini yako ya zamani, boliti zote zinaingia, kila kitu kinakaa vizuri, na injini inatetemeka mpaka ikule beringi za krenki. 351 Windsor ni 28. Chevrolet 350 ya hadi 1985 imesawazishwa ndani, na flaiwili yake haina uzito. Kuanzia 1986, sili ya nyuma ya krenki ilipofanywa kipande kimoja, flaiwili ikapewa uzito wake. Chevrolet 400 na 454 zote zina uzito wa nje, na Chrysler 360 vilevile, wakati 318 haina. Kwa hiyo fundi anayekwambia "flaiwili ni flaiwili" mwachie baiskeli.

Namna ya kupunguza washukiwa: kwa giaboksi ya mkono, kanyaga klachi ukiwa kwenye mizunguko ile mibaya. Tetemeko likipungua, sahani ya klachi au shafti ya kuingia giaboksi ina neno. Likibaki vilevile, ni flaiwili, kifuniko cha klachi au pulei ya mbele. Kwa giaboksi otomatiki, fungua boliti za konveta, isukume nyuma, washa injini kwa sekunde chache. Likitulia, konveta ndiyo mkosaji. Lisipotulia, linganisha namba za pulei na za sahani ya krenki.

Ukishika flaiwili isiyofaa na yenye kufaa haipatikani, Lubumbashi ina bahati ya wazee wa mashine za kukereza chuma waliofundishwa kazi Gécamines, kampuni ya migodi. Wape flaiwili inayofanana na inayotakiwa wapate cha kulinganisha. Usiwaambie "punguza kidogo upande huu" kwa kukisia.

Tetemeko la propela ni hesabu ya pembe. Injini ndefu ikisukuma giaboksi chini au nyuma, propela ya zamani huwa ndefu mno au fupi mno na pembe zinavurugika. Pembe ya mkia wa giaboksi na ile ya pua ya difu zinatakiwa kulingana na kuelekea kinyume, kwa tofauti isiyozidi digrii moja, na kila maungio yafanye kazi kwenye digrii 1 hadi 3. Simu yako ina kipimo cha pembe. Iweke kwenye chuma kilichosafishwa, gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Likiwa limening'inia kwenye jeki, namba zote ni uongo.

Inachemka

Uliza inachemka lini. Kwenye foleni ya malori kuelekea Kasumbalesa lakini ikikimbia inapoa: upepo wa feni haupiti ndani ya rejeta. Kinachokosekana mara nyingi ni ile kava ya plastiki inayozunguka feni, iliyotupwa kwa sababu injini kubwa haikuacha nafasi. Itengeneze upya hata kwa bati. Ikichemka kwenye barabara ya Likasi huku mwendo ni mzuri: rejeta ni ndogo, hozi ya chini inanyonywa na kujikunja, au taimingi imechelewa. Mapezi ya rejeta yakiwa yamejaa vumbi jekundu, yaoshe kutokea upande wa injini kwenda nje.

Maji kwetu huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta cha bar 1.1 ndicho kinachoyapandisha hadi karibu 120. Kifuniko kikilegea, umebaki na nafasi ya nyuzi chache juu ya thamostati ya 88, na Oktoba itakula hizo zote. Anza na kifuniko, ni cha bei ndogo. Na thamostati irudishwe mahali pake, hata kama fundi wa kwanza aliitupa na kuita hiyo "dawa".

Kila kitu kipya na bado inachemka? Kuna mawili yanayojificha. La kwanza ni pampu ya maji: injini za Ford 5.0 za mkanda mmoja mpana huzungusha pampu kinyume na zile za mikanda ya V. Ukiweka pampu ya zamani kwenye mkanda mpya, mapanga yake yanazunguka kinyumenyume, maji yanasukumwa kidogo tu, na kwa nje huoni kosa. La pili ni Chevrolet 400: silinda zake zimeshikana, kwa hiyo bloku ina matundu madogo ya kupitisha mvuke. Ukiifunga vichwa vya 350 bila kuvitoboa matundu hayo, mvuke unakwama, na utakuwa unaua gasketi za vichwa moja baada ya nyingine.

Stata inasaga, au injini inapiga mlipuko

Stata inasaga meno: hesabu meno ya flaiwili. Ford ndogo zina 157 au 164, Chevrolet 153 au 168, na stata inatakiwa ilingane na flaiwili iliyomo.

Injini inazunguka, inapiga mlipuko kupitia kabureta, haishiki: angalia mpangilio wa waya za plagi. 302 ya kawaida ya zamani ni 1-5-4-2-6-3-7-8. 351 Windsor na 5.0 HO ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Ukihamisha waya kama zilivyokuwa, silinda nne zitapata moto kwa wakati usio wao.

Kwenye Mustang za kompyuta, stata inazungusha vizuri, haishiki, na taa ya kuzuia wizi kwenye dashibodi inapepesa haraka: kompyuta ya injini mpya haizijui funguo zako. Usichokonoe pampu ya mafuta. Tafuta mwenye mashine ya kuzitambulisha.

Inakimbia vizuri mjini, inakata pumzi barabarani

Injini kubwa inakunywa, na bomba la zamani linaipa kwa kijiko. Pima presha ya mafuta gari likiwa linakimbia, kwa hozi ndefu ya geji iliyobanwa kwenye kioo. Sailensa haitakuambia kitu. Kabureta hutaka psi 5 hadi 7, na injini za LS (V8 za kisasa za Chevrolet) za sindano hutaka 58. Presha ikianguka ukikanyaga, fuata chujio, kisha bomba, kisha pampu. Kama umewahi kujaza petroli ya kadhafi (ile ya kuuzwa kando ya barabara), toa chujio ulimwage kwenye chupa nyeupe, uache litulie. Maji na mchanga hukaa chini kwa dakika chache. Tangi lililokaa miaka na injini ndogo lina tope lake pia, na pampu mpya yenye nguvu ndiyo itakayolivuruga.

Difu inalia, breki hazitoshi

Mlio unaobadilika ukikanyaga na kuachia ni meno ya difu. Kishindo kimoja kikubwa wakati wa kuingiza gia ni uchezaji uliozidi au maungio ya propela yaliyokufa. Kwa difu ya inchi 7.5 nyuma ya V8 usipoteze pesa kuitengeneza: ukiiunda upya vizuri itavunjika vizuri.

Breki zifungwe kabla injini haijawashwa mara ya kwanza. Mwenye gari akishasikia sauti ya V8, hutampata tena kwa wiki kadhaa.